Herufi za Makupa

Mtu mwenye akili timamu hatembei kinyumenyume sokoni Marikiti asubuhi ya Ijumaa, watu wamejaa na mikokoteni inapita hapo hapo. Nasser alitembea kinyumenyume. Alikuwa ameinua shingo kutazama bango jipya la duka la vitambaa, akitaka kulipata lote kwa jicho moja. Akarudi hatua, akarudi nyingine, na kisigino chake kikatumbukia ndani ya kikapu cha maembe mabichi.

"Haya, kanyaga na yaliyobaki," ilisema sauti ya kike nyuma yake. "Usiyabague."

Nasser aligeuka. Mbele yake alisimama msichana mrefu aliyevaa buibui lililotariziwa uzi wa zambarau mikononi, ushungi wa rangi ya maziwa, na uso ambao ulikuwa haujaamua kama utakasirika au utacheka. Vidole vyake vilikuwa na ule umanjano wa bizari usiotoka hata kwa sabuni. Nasser mwenyewe alikuwa na shati lililopauka, tone la rangi nyekundu begani na penseli nyuma ya sikio. Ghafla alitamani angekuwa amevaa shati jingine.

"Niwie radhi, dada yangu. Sikukuona."

"Utanionaje, na macho yako yako juu? Wautafuta mwezi mchana?"

"Nilikuwa natazama herufi."

"Herufi?"

"Zile pale. Hebu tazama. Fundi alikosa nafasi, akazibana herufi pana kwa nguvu, sasa miguu imekonda na vichwa vimevimba. Herufi haibanwi hivyo. Huchorwa nyembamba tangu mwanzo, mwili wote unene mmoja."

Msichana alilitazama lile bango, kisha akamtazama yeye, kisha maembe. "Yaani umenikanyagia maembe ya achari kwa ajili ya unene wa herufi?"

"Ndiyo."

"Ahsante. Angalau wewe husema kweli," alisema, na hapo ndipo uso wake ulipoamua kucheka.

Sifa hiyo Nasser aliipokea kwa mikono miwili, na baadaye ilikuja kumchoma kuliko tusi. Siku hiyo lakini alikuwa na furaha tele. Alikibeba kile kikapu kutoka Marikiti mpaka mtaa wa Kibokoni, akipita nyuma ya msichana huyo, jina lake Hanin, katika vichochoro ambavyo watu wawili wanene hawapishani.

Duka la Hanin lilikuwa chini ya nyumba yao, upana wake mlango mmoja na nusu. Ndani mlinukia siki, pilipili na mabuyu yaliyokolezwa iliki. Baba yake, Mzee Aidarus, aliketi kwenye baraza ng'ambo ya kichochoro, kanzu nyeupe, kofia ya kutunga, macho yamefunikwa na ule weupe wa mtoto wa jicho. Na juu ya mlango palikuwa na ubao wa mvule, mwembamba, ulioandikwa kwa rangi ya buluu iliyopauka: *Achari na Mabuyu ya Bi Mwanakuu*. Mwandishi alianza kwa madaha, herufi zenye matumbo na mikia, lakini kila alivyosogea mbele nafasi ilimpungukia. U ya mwisho ilikosa pa kukaa kabisa, ikapandishwa juu ya mwenzake.

Nasser alicheka. "Aliyeandika huu aliishiwa na ubao."

"Hakuwa fundi," alisema Hanin kwa ufupi. "Wewe si ndiye fundi? Nataka jina lilo hilo, nafasi ilo hiyo, lakini lisomeke kutoka kule konani. Wageni wapita tu, hawajui kama kuna duka."

"Hiyo ni kazi ya Makupa."

"Makupa kuna nini?"

Ndipo Nasser alipotoa simu akamwonyesha. Karakana yake ya mabango ilikuwa Makupa, katikati ya maghala na malori, na alikuwa amekulia huko akijifunza kusoma kwenye milango ya malori kabla ya kuanza shule. Herufi za huko zilikuwa za aina moja: ndefu, nene, zimesimama wima na kubanana kama magunia ghalani, kwa sababu jina la mwenye lori na mji wake na uzito wa mzigo vyote vilitakiwa kuingia kwenye mlango mmoja, na askari wa barabarani avisome kutoka mbali. Nasser alizipiga picha nyingi, akakaa nazo mbele ya kompyuta, akachora moja baada ya nyingine mpaka zikawa fonti kamili, yake mwenyewe, akaiita Makupa. Tangu hapo aliitia popote palipompa nafasi: kwenye bucha, kwenye jezi za timu ya mtaa, kwenye zahanati, kwenye mapipa ya maji. Neno refu kwenye nafasi fupi, na bado likaonekana. Mapenzi yake kwa herufi hizo yalikuwa makubwa kiasi cha kuchosha watu.

"Zapiga kelele," alisema Hanin.

"Hazipigi kelele. Zasema wazi."

"Haya. Ziseme wazi, basi." Akapunguza sauti, akamtupia jicho baba yake ng'ambo. "Na huu wa zamani uchukue ukautie fremu. Nitautundika ndani, kwenye ukuta wa nyuma. Baba hataki chochote kibadilishwe hapa, kwa hivyo nitamwambia ubao umekwenda kutengenezwa. Hataona. Macho yake ni ukungu mtupu."

Bango jipya lilipanda wiki iliyofuata, kijani kibichi na herufi za rangi ya maziwa kama ushungi wake. Jina zima liliingia, U zote zimekaa safu moja, na likasomeka kutoka konani. Wageni walianza kusimama. Hanin alianza kupiga simu, mwanzo kushukuru, halafu kuuliza kama rangi haitatoka kwa mvua, halafu bila sababu yoyote.

Basi hapo ndipo palipoingia shetani, naye alikuja kwa honi. Ilikuwa siku ya mwisho kabla ya Idi. Fondo, mwenye yadi ya malori jirani na karakana, alitaka kibao cha geti na alikitaka siku hiyo hiyo, maana madereva walikuwa wakigonga geti kwa bampa badala ya kupiga honi. Mbao za Nasser zilikuwa zimekwisha na maduka ya mbao yalikuwa yamefungwa mapema. Ubao mmoja tu ulikuwa umeegemea ukutani ukingoja fremu.

Ubao ni ubao, Nasser alijiambia. Nitamtafutia mwingine, mzuri zaidi.

Akaanza kuupiga msasa kutoka kushoto. Fondo akapiga honi nje. Nasser akaacha msasa katikati, akapaka rangi nyeupe ubao mzima, ilipokauka akaandika kwa nyekundu, herufi za Makupa: PIGA HONI UFUNGULIWE. Kibao kilipendeza. Fondo alimshika mkono kwa mikono miwili. Nasser akaenda kusherehekea Idi, na kwa siku chache dhamiri yake ilinyamaza kimya.

Ilizinduka kwa simu, mchana mmoja baada ya Adhuhuri, saa ambazo Kibokoni hulala na duka halina mtu.

"Bwana Herufi."

"Naam, Pilipili yangu."

"Umekula?"

"Nimekula mkate mkavu huku nakufikiria."

"Mkate mkavu wataka achari, hautaki fikira." Akacheka. "Nasser, nikwambie kitu? Siku ile uliicheka U ya ubao wetu wa zamani."

"Nilikuwa natania, roho yangu."

"Najua. Ule ni mkono wa mamangu. Bi Mwanakuu ndiye mamangu, Mungu amrehemu. Aliuandika mwenyewe, kwa rangi iliyobaki mlangoni. Alipofika mwisho akaona nafasi hakuna, alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, U nayo ina haki ya kukaa ghorofani." Alikuwa analia sasa. "Mamangu hakuwa mtu wa kalamu. Sina andiko lake jingine lolote. Siku ile nilishindwa kukwambia, nilikuwa sijakuzoea."

Nasser alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana. Ng'ambo ya barabara, kwenye geti la Fondo, herufi zake nyekundu zilimtazama.

"Uko?"

"Niko."

"Fremu imefika wapi?"

Hapo, msomaji, palikuwa na mlango wazi. Angesema, nimekosa, Hanin, ubao uko mbele yangu na nimeupaka rangi, nipe wiki moja. Angelia, naye Nasser angelia, na hadithi hii ingekuwa fupi. Badala yake alisema, "Yaendelea vyema. Nimeuviringishia gunia usiingie vumbi."

"Ahsante, laazizi. Najua uko katika mikono mizuri."

Usiku huo Nasser hakupata usingizi, na hakustahili.

Siku zilivyokwenda mapenzi yalinoga na uongo ukanenepa nao. Walikutana Mtaa wa Biashara wakinunua mitungi, wakapunga upepo ufukoni Mama Ngina wakila mihogo ya kuchoma, yeye Hanin akimfundisha kula pilipili bila kutoa machozi. Kila kicheko chake kilimtia Nasser furaha na kumsuta hapo hapo. Makupani napo mambo yalikuwa mabaya zaidi, maana kila lori lililofika kwa Fondo lilisoma kibao na kutii. Honi zililia kutwa, na kila ilipolia moja Nasser aliruka kama mwizi aliyeitwa jina.

"Si uende umwambie Fondo akurudishie?" aliuliza Kadzo, mwanamke aliyeendesha mashine ya kuchapishia mabango pale karakana, ambaye alikwisha kuung'amua mkasa wote. "Umwekee kingine."

"Nitakwenda kesho."

"Jana ulisema kesho."

Aliogopa. Aliogopa kuutoa ule ubao na kukuta chini ya rangi hakuna kitu. Maadamu ulikuwa getini, aliweza kujidanganya kwamba mkono wa Bi Mwanakuu ungali mzima humo ndani.

Kisha Hanin akapiga simu kwa furaha.

"Nasser! Baba amepata nafasi ya kupasuliwa macho. Daktari asema ataona, tena vizuri. Wajua alichosema? Asema akifunguliwa bandeji, kitu cha kwanza ataka aone mkono wa mama. Mama aliuandika macho ya Baba yameshaharibika, hakupata kuuona hata siku moja. Kila siku aniuliza, 'Ubao umerudi, mwanangu?' Nami namjibu, bado uko kwa fundi."

"Eeh."

"Eeh nini? Fundi ni wewe. Usiniaibishe kwa babangu, tafadhali. Nimeshamdanganya mara moja kwamba haukubadilishwa, na hiyo moja yanikosesha raha."

"Utaupata, Pilipili."

"Wallahi?"

Nasser alihamisha simu sikio la pili. Hakuapa. "Utaupata," alirudia.

Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa fupi kuliko nyingi. Masika yalishuka. Siku tatu kabla ya mzee kupasuliwa, mvua ilikatika asubuhi na Hanin akaamua kwenda Makupa kuuchukua ubao mwenyewe, iwe una fremu au hauna. Alivaa buibui lile la zambarau, akabeba bakuli la biriani na chupa ya achari ya ndimu, apate kumshtua. Alishuka ng'ambo ya barabara, mbele ya yadi, akawa anangoja malori yapite.

Kibao cha Fondo kilikuwa karibu na bega lake. Mvua ilikuwa imekiharibu. Upande wa kulia rangi ilikuwa imevimba na kubanduka vipande vipande, na palipobanduka palionekana buluu. Hanin alitazama bila nia, kama mtu atazamavyo ukuta. Kisha aliona U ndogo imekaa juu ya U nyingine.

Hakupiga kelele. Aliliweka chini bakuli, akainua kidole chake cha manjano, akaigusa.

"Dada, hapo ni kupiga honi!" alitania Fondo kutoka ndani, akaja akitabasamu. "Au umekipenda kibao changu? Kazi ya Nasser huyo wa hapo. Ubao wa mvule, mzito! Ila rangi imenisaliti. Sijui aliharakia nini."

Nasser alitoka karakana akamwona. Alivuka barabara bila kutazama, dereva akamtukana, asisikie.

"Hanin."

"Hili ndilo gunia uliloniambia umeuviringishia?"

"Hanin, nilikuwa sijajua. Siku nilipopaka nilikuwa sijajua ni wa mamako."

"Na siku nilipokwambia?"

Nasser aligeuka akautazama mlango wa karakana ng'ambo.

"Siku nilipokwambia nalia kwenye simu, ulikuwa umesimama wapi?" Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Wewe si ulikuwa hapa? Wawaona hawa wapiga honi, nawe waniita Pilipili yangu?"

"Niliogopa kukupoteza."

"Haya. Usiogope tena, ushanipoteza." Aliokota bakuli lake, akaiacha ile chupa ya achari juu ya mchanga, akaondoka kwa miguu kurudi mjini, pindo la buibui likifagia matope.

Fondo aliutazama ubao, akamtazama Nasser, akaenda kuleta bisibisi. Ubao aliutoa mwenyewe bila kuombwa, akamkabidhi.

Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na Nasser hakuambiwa. Alipiga simu, haikushikwa. Alituma ujumbe, haukujibiwa. Asubuhi ya pili yake akafanya kosa ambalo mchora mabango tu ndiye angelifanya. Alimwambia Kadzo achapishe kitambaa kirefu, cheupe, herufi za Makupa nyeusi, urefu wa mkono mzima: HANIN NISAMEHE.

"Kwetu mtu akikosa huenda mwenyewe, akakaa chini," Kadzo alisema. "Hatumi kitambaa."

"Hataki kunisikiliza. Atasoma."

"Yeye na nani mwingine?"

Hakusikia. Alfajiri, watu wakiwa msikitini, alikifunga kile kitambaa kutoka dirisha hadi dirisha, kukata kichochoro chao. Kibokoni, ambako mama hupima hata kicheko cha bintiye, jina la msichana lilining'inia juu ya vichwa vya watu likisomeka mpaka barabara kuu. Waliotoka kuswali walisimama. Wapo waliosoma kwa sauti. Alipofungua duka Hanin alikuta baraza zima limejaa, na mgeni mmoja anapiga picha.

Simu ya Nasser ililia, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Aliishika kwa mikono miwili.

"Mpenzi—"

"Nimekishusha kwa mpini wa ufagio," alisema Hanin, anahema. "Mbele ya Baba. Mbele ya mtaa mzima. Sasa watu waniuliza nimetendwa nini hata niombwe msamaha. Wanidhania mambo, Nasser! Uliponikosea ulinong'ona kwenye simu. Mbona kutubu watubu kwa kelele?"

"Nilitaka ujue ninavyojuta."

"Ulitaka mimi nijue, au ulitaka wewe upumue?"

Simu ilikatika. Nasser alikaa chini pale pale kwenye sakafu ya karakana, kwa sababu jibu alilijua na lilikuwa baya.

Mzee Aidarus alipasuliwa macho salama, akarudishwa nyumbani na bandeji. Nasser alizisikia habari hizo kwa watu. Mbele yake, juu ya meza, ulilala ubao. Kadzo, aliyemhurumia ingawa hakutaka kuonyesha, alimkumbusha kwamba siku alipokwenda kupima mlango wa duka aliupiga picha ubao huo. "Picha iko kwenye simu yako. Mkono wako ni mwepesi. Andika mwingine, uuchakaze kidogo. Mzee hajapata kuuona wa kwanza. Nani atajua?"

Nasser alitafuta kipande cha mvule, akachanganya buluu ile ile, akaanza. A yenye tumbo, C yenye mkia. Ilitoka sawasawa, mtu asingetofautisha. Akaandika mpaka akafika kwenye U ya mwisho, akaipandisha burashi juu, kisha akaishusha bila kuandika. Bi Mwanakuu alipofika hapo alicheka mpaka akakaa chini. Nasser angeuiga mkono wake, lakini kile kicheko angekiiba tu. Aliukata ule ubao wa pili kwa msumeno vipande vipande, akavua saa, akaugeukia wa kwanza.

Dawa ya kutoa rangi ingekula nyeupe na buluu kwa pamoja. Kwa hivyo alitumia kipande cha kioo na kucha zake. Upande wa kulia, alikoacha msasa kwa haraka ya Fondo, rangi yake haikuwa imeshika. Ilibanduka kwa subira, na chini yake likatoka jina, *Mwanakuu*, buluu, lina mikwaruzo lakini zima, na U yake ghorofani. Upande wa kushoto alikuwa amepiga msasa vizuri, kifundi, kama alivyofundishwa. Huko alikwangua mpaka vidole vikatoka damu, akakuta mbao tupu. Achari, mabuyu, vyote vimekwenda, na ni mikono yake hii hii iliyoviondoa.

Alikwenda Kibokoni baada ya Alasiri, peke yake, kwa miguu, ubao ameufunga shuka safi. Mzee Aidarus alikuwa kwenye baraza lake, bandeji imetoka, amevaa miwani mieusi. Hanin alimwona kutoka dukani. Alitoka mpaka kizingitini akakunja mikono.

"Asalamu alaikum, Mzee wangu," alisema Nasser, akainama kumbusu mkono.

"Waalaikumu salamu. Keti, kijana."

Nasser hakuketi juu ya baraza. Aliketi chini, kwenye jiwe la kichochoro, akaufungua ubao magotini mwake.

"Mimi naitwa Nasser. Ubao huu wa marehemu niliachiwa niutie fremu. Niliupaka rangi nikamwandikia mtu mwingine, kwa haraka na kwa kudharau. Nilipokuja kujua ni wa nani nilisema uongo, si mara moja. Binti yako hana kosa, alinidhani mtu. Nimekwangua nilichoweza. Nusu imerudi. Nusu nimeifuta na hairudi tena. Na lile bango la juzi pia ni langu."

Mzee Aidarus alivua miwani. Macho yake yalikuwa mekundu bado, yana machozi ya dawa, lakini yalikuwa yanaona. Aliutazama ubao kwa muda mrefu, kisha akapeleka kidole kwenye U ya mwisho.

"Kumbe imepanda juu kweli," alisema taratibu. "Aliniambia, 'Bwana Aidarus, U yangu nimeipeleka ghorofani.' Nikadhani anifanyia mzaha." Kidole kikahamia kushoto, kwenye mbao tupu. "Na hapa mwanzo paliandikwaje?"

"Herufi zilikuwa na matumbo, Mzee. A yake ilikuwa na tumbo. C ilikuwa na mkia mrefu."

"Alipenda madaha, huyo."

Hanin aliangua kilio mlangoni. "Baba, nami nilikudanganya. Nilikwambia ubao umekwenda kutengenezwa tu. Niliubadilisha. Miezi yote hii juu ya mlango kuna mwingine. Nilijua huoni, nikatumia hiyo hiyo kukudanganya."

Mzee aligeuza uso akalitazama bango la kijani juu ya mlango.

"Mwanangu," alisema, "hizo herufi za huyu kijana, nani asiyeziona? Wa mamako sikuwahi kuuona, ulikuwa mwembamba kwa macho yangu. Lakini siku ile mlipotundika hiki nilikaa hapa hapa, katika ukungu wangu, nikakisoma chote. Achari, na mabuyu, ya Bi Mwanakuu. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi kusoma jina la mke wangu. Nilikisoma kila siku."

Hanin alishika mlango. "Ulijua? Na mbona kila siku uliniuliza kama ubao umerudi?"

"Nilikuwa nakufungulia mlango, uingie mwenyewe." Mzee alipangusa macho. "Na lile NISAMEHE nalo nililisoma, siku mbili kabla ya kupasuliwa au siku moja, sikumbuki. Mtaa mzima ulidhani mimi tu ndiye nisiyeliona."

Nasser aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa ubao. Hakuwahi kuona haya kama siku ile, na hajaona tangu hapo.

"Basi niadhibu, Mzee."

"Mimi? Aliyedanganywa ni huyu. Muulize yeye."

Hanin alivuka kichochoro. Alichuchumaa mbele ya ubao, si mbele ya Nasser, akalisoma jina la mamake kwa kidole, herufi moja moja, kisha akakirudisha kwenye ule upande mtupu, kikakaa hapo.

"Ninayo picha," Nasser alisema kwa sauti ya chini. "Ukitaka, nitaujaza upande huo. Nitaufuata mkono wake, hutajua."

"Nitajua."

"Ndiyo. Hata mimi nitajua."

"Basi uache hivyo hivyo. Nitautundika ndani, na pale patupu patabaki patupu. Kila ukija utapaona." Alikohoa, akajipangusa kwa ncha ya ushungi. "Sikusema uje. Nimesema ukija."

"Na nikija niseme nini, Hanin?"

"Sema kweli, kama siku ya maembe. Sitaki jingine."

Mzee Aidarus alirudisha miwani yake. "Kijana," alisema, "huku kwetu mtu akimtaka binti wa watu haandiki njiani. Hutuma wazee. Nyumba ndiyo hii na mlango waujua."

Nasser alimtazama Hanin. Hanin alikuwa ametazama chini, lakini alikuwa hajasema hapana.

"Ijumaa," alisema hatimaye, akiinuka na ubao wa mamake kifuani, uso wake tena katikati ya hasira na kitu kingine. "Baada ya Magharibi. Na waje bila bango."